Jozi Saba Zilizofia Rafuni

Mlio ulitangulia, gari likafuata. Ulikuwa mlio mwembamba wa chuma juu ya chuma, wa kukereketa meno, na mtaa mzima wa spea ulikunja uso isipokuwa mtu mmoja. Daktari wa Breki aliusikia kama mwenye njaa anavyosikia sufuria ikifunuliwa. Aliweka kikombe chini, akafunga vifungo vya koti lake jeupe, akatoka barazani.

Koti hilo halikutoka chuo chochote. Lilitoka mtumbani, na juu ya mfuko wake bado palisomeka jina la kiwanda cha biskuti. Lakini watu hawasomi. Watu wakiona koti jeupe husimama wima na kuanza kueleza wanapoumwa.

Siku hiyo alikuwa na sababu ya ziada ya kufurahia mlio. Dukani, juu ya benchi, alikuwa ameketi Msimamizi wa Magari wa shule moja ya kulipia, bwana mwenye shingo iliyokwisha kuungana na mabega. Alikuwa na magari manane ya kubebea watoto, yote makuukuu, na alikuja kuamua kama Daktari ndiye wa kuyabadilishia diski na pedi za breki. Tangu aingie alikuwa ameuliza swali moja kuhusu breki na manne kuhusu cha juu chake, lile fungu la kutia mfukoni. Daktari alikuwa na jozi saba za diski rafuni, ndani ya masanduku mapya. Jozi ya nane ilikuwa inakuja barabarani, ikilia.

Maana gari lile bovu la rangi ya majani makavu lilikuwa ndugu wa damu wa magari ya shule: kampuni moja, umri mmoja, diski zile zile. Daktari alijua pia kwamba kilicholia ni pedi tu, zilizoisha hadi kwenye kile kibati ambacho watengenezaji wenyewe hukiweka ili kipige kelele zikikaribia kwisha. Diski zilikuwa nzima. Ila kumwambia mteja hivyo kungekuwa kumnyima msiba wake.

Ufundi wake wote ulikaa ndani ya kipimo kimoja. Kila diski ya breki imeandikwa ukingoni unene wa mwisho. Ikishuka chini ya hapo, haifai tena kusimamisha gari. Kipimo cha Daktari kilikuwa na midomo miwili ya chuma ya kubana diski, na midomo hiyo alikuwa ameipiga tupa kwa ndani, Jumapili mbili mfululizo, baada ya ibada, hadi kikawa kinaiba milimita mbili na nusu katika kila kilichobanwa. Diski iliingia hai, ikatoka maiti. Daktari alitoa pole, akamfungia mteja diski za bei poa, nyepesi kama sahani, akamchukua marehemu kwa bei ya chuma chakavu, akampiga msasa, akamvisha sanduku, akamuuza kwa mwingine. Ilikuwepo diski moja mjini iliyokwisha kufa mara nne na haijapata kuugua. Na jambo la kusikitisha, kwa wapenda haki, ni kwamba hakuna duka mtaani lililokuwa na diski nzuri kuliko lake, kwa sababu hakuwahi kuiba mbovu.

Aliyeshuka kwenye gari alikuwa mama wa makamo, na nyuma yake majora ya vitambaa yalijaa hadi kwenye dari. Alijieleza bila kuulizwa mara mbili. Duka lake la vitambaa lilikuwa bondeni, nyumba yake mlimani, na kila asubuhi aliteremka na mzigo. Jana gari lilikataa kusimama mahali alipotaka. Lilisimama lilipotaka lenyewe, hatua tatu mbele, kwenye ukuta wa jirani. Leo hakuwa na nia ya kurudi barabarani bila breki za kuaminika.

Daktari alimwambia amefika mahali pake, akamwita Msimamizi atoke naye aone kazi inavyofanyika kisayansi. Akapandisha jeki, akafungua gurudumu, akaweka sikio karibu na diski, akafumba macho. Kisha akatoa kipimo mfukoni kwa vidole viwili, akabana, akasoma, akashusha kichwa.

"Mama, pole sana. Mwisho wake ni ishirini na mbili. Hii imebaki ishirini na moja nukta moja."

"Imekufa?"

"Tulikuwa tunatembea na maiti, mama yangu."

Msimamizi alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyepita karibu na jeneza asilolijua.

Hapo Daktari akatoa somo, na somo lenyewe lilikuwa sahihi kabisa. Ndiyo hatari ya matapeli wenye akili, hufungia uongo wao ndani ya kweli nyingi ili usivunjike njiani. Alisema diski hubadilishwa jozi, kushoto na kulia, la sivyo gari litavuta upande. Alisema pedi mpya haziwekwi juu ya diski yenye mifereji. Alisema diski mpya hufutwa mafuta yake ya kiwandani kwanza, na kwamba baada ya hapo dereva asikanyage breki kwa pupa mpaka pedi na diski zizoeane. Mama Vitambaa alisikiliza yote. Ila hakuwa anamtazama Daktari mdomoni. Alikuwa anatazama kidole gumba chake, ambacho hakikukubali hata mara moja kuiacha midomo ya kipimo ikutane, ili watu wasione kwamba sifuri yake si sifuri.

Akauliza, kwa upole wa mjane, diski kama hii iliyo chini ya namba huwa inafanywa nini. Daktari akamjibu, akipaza sauti ili Msimamizi afaidike, kwamba hiyo si spea tena, ni chuma chakavu, na chuma chakavu huuzwa kwa kilo kwa yule bwana wa ng'ambo ya barabara mwenye mizani. Mtu atakayeiuza kwa bei nyingine, alisema, ni muuaji.

"Umesikia, kaka?" Mama Vitambaa alimuuliza Msimamizi.

Msimamizi alikuwa amesikia. Alisema hata shuleni kwao wanafundisha hivyo hivyo.

Daktari akaleta zile diski za sahani. Mama akazipima uzito mkononi, akazirudisha, akasema anataka zile za rafuni. Daktari akamwambia zile zina mwenyewe. Mama akasema kutazama si kununua, na kabla Daktari hajamaliza kufuta mikono, kipimo kilikuwa mkononi mwa mama na sanduku la kwanza lilikuwa wazi.

Akabana. Akasoma taratibu, kama mtoto anayejifunza namba, ishirini na moja nukta tano. Akafungua la pili. Ishirini na moja nukta mbili. La tatu halikufika hata hapo. Alikwenda hivyo rafu nzima, sanduku hadi sanduku, na kila alipofika alitoa pole. Kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai jozi saba zilikuwa zimefariki mbele ya shahidi.

Daktari alinyoosha mkono achukue kipimo chake. Mama alimsogelea, akamrekebishia ukosi wa koti kama mzazi, akamnong'oneza.

"Mimi nauza vitambaa kwa mita, mwanangu. Mita yangu ina sentimita tisini na mbili. Tusisumbuane."

Daktari alisimama na mkono wake hewani. Akisema kipimo kinadanganya, magari manane yanakwenda, na pengine meno mawili matatu yanakwenda nayo. Akisema kipimo ni kizuri, basi ana rafu nzima ya maiti. Alichagua maiti. Alijishika kichwa, akamlaani msambazaji, akasema ametapeliwa, akaapa kuzirudisha zote kesho asubuhi. Aliigiza vizuri sana. Jozi ya machozi ilitoka.

Mama Vitambaa akasema hakuna haja ya kujisumbua mpaka kesho. Yeye atachukua jozi moja, kwa kilo, kama chuma chakavu, ili wasiwe wauaji. Na kwa kuwa Daktari ni mtu mwenye huruma atamfungia, na atamwekea na pedi, zile ngumu za bei ya juu, maana maiti inahitaji msaada. Zake za zamani hakuziuza. Alisema marehemu wake atamzika mwenyewe, akazitupia chini ya majora.

Daktari alizifunga. Alifuta mafuta ya diski, akapaka grisi kwenye pini, akakaza kila nati ipasavyo. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka sita kufanya kazi ya halali kutoka mwanzo hadi mwisho, na ilimuuma mgongo. Gari likateremka mtaani, likasimama kwenye makutano bila sauti, mama akapunga mkono dirishani.

Hapo ndipo Daktari alipogeuka na kumkuta Msimamizi amesimama mbele ya rafu, anahesabu masanduku.

Msimamizi alikuwa mtu wa mawazo machache lakini alikuwa ameona jambo. Alikuwa ameona diski zinazong'aa, ndani ya masanduku mapya, zikiuzwa kwa kilo. Shule ingelipa bei ya sanduku. Kati ya bei ya kilo na bei ya sanduku palikuwa na nafasi ya kutosha ghorofa, na Msimamizi alikuwa amekwisha kuhamia humo na familia yake. Akasema atazichukua zote zilizobaki, leo, kwa kilo.

Kwa mara ya kwanza maishani Daktari alijikuta hana silaha nyingine isipokuwa dhamiri, akaitoa.

"Mkubwa, hizi zimekufa. Umeona mwenyewe. Hizi ni za kubebea watoto wa watu."

"Watoto ni wepesi," alisema Msimamizi.

Kuna watu ambao hata tapeli akiwatazama hujiona mcha Mungu, na walio wengi kati yao wana mhuri wa ofisi. Daktari akajaribu tena, akasema serikali, akasema ajali. Msimamizi akamuuliza kwa sauti ya chini kama hao wa serikali angependa waje kuona rafu iliyojaa chuma chakavu ndani ya masanduku mapya. Daktari akasema hapana, asingependa. Kwa bahati ya watoto wasio na hatia, diski zilikuwa nzima kila moja, na hilo ndilo jambo pekee ambalo Daktari hakuweza kulisema.

Wakazivusha barabara hadi kwa muuza chuma chakavu, mzee mkimya aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mizani yake. Mizani hiyo maisha yake yote ilikuwa ikipima vyuma vya watu wanaouza, na haikuwahi kumwonea huruma muuzaji. Diski kumi na mbili zikapandishwa. Mshale ukatetemeka, ukapanda kidogo, ukafikiri, ukakaa.

Daktari alikuwa amebeba kila moja kwa mikono yake. Alizijua kwa uzito kama mama anavyojua mtoto wake gizani. Mshale ulikuwa umesema nusu.

"Mizani yako inaiba," alisema.

Muuza chuma chakavu alisimama pole pole. Alisema yuko hapo miaka kumi na moja, hajapata kutukanwa namna hiyo. Wapita njia wakasimama. Msimamizi alimtazama Daktari kwa masikitiko makubwa, akasema haya ndiyo yanayoiharibu nchi, mtu msomi, na koti lake, kumshuku mzee kwa kipimo chake cha haki. Wawili watatu wakaitikia.

Daktari akaomba radhi. Aliambiwa sauti haikutosha, akaomba tena. Kisha akainama, akanyanyua diski ya kwanza, akaanza kuzipeleka kwenye gari la shule moja moja, kwa sababu bei ya kilo, kama Msimamizi alivyomkumbusha akiwa ameketi kivulini, ni pamoja na kupakia.