Malalamiko Kuhusu Uchache wa Jina la Vinkelstroo

Kwa Mhariri,
Gazeti la Jirani,
Johannesburg.

Ndugu Mhariri,

YAH: OMBI LA KULIFANYA JINA LA VINKELSTROO LIWE LA KAWAIDA

Natanguliza salamu, na nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, maana mimi nilisoma toleo lako la mwezi uliopita nikiwa nimesimama na mkasi mkononi, na suruali ya mteja ikapata hasara.

Mimi ni Mahmoud Nassir Vinkelstroo, mzaliwa wa Muheza, Tanga, fundi cherehani wa hapa Troyeville. Nashona kanzu, suti na sare za shule. Nimekuwa msomaji wako tangu gazeti lilipokuwa karatasi moja iliyokunjwa, na sijawahi kulalamika. Hata mlipochapisha tangazo la duka langu mkaweka picha ya mtu mwingine, tena mwenye nywele, nilinyamaza.

Safari hii sinyamazi. Katika safu yenu ya "Jina na Asili Yake", mwandishi wenu alisema alipita mbele ya duka langu, akaona kibao, akashangaa, akaenda kutafiti. Akagundua kwamba Vinkelstroo ni jina la zamani la Kiholanzi lililotokana na shamba moja tu lililokuwa kando ya bahari, kwamba shamba hilo lilimezwa na maji katika gharika, wenyewe wakatawanyika na jina lao, kwamba leo wenye jina hilo duniani kote hawazidi ishirini, na kwamba, nanukuu, "yeyote mwenye jina hili, popote alipo, ni damu moja na mwenzake." Hapo nukuu inaishia na matatizo yangu yanaanza.

Ndugu Mhariri, mimi sina damu ya Kiholanzi hata ya kumshibisha mbu mmoja. Babu yangu, mzee Bakiri, alikuwa mpishi wa bwana mmoja Mholanzi aliyekuwa na shamba la mkonge karibu na Muheza. Kina Bakiri pale walikuwa wawili. Mmoja akaitwa Bakiri Relwe kwa sababu alifanya kazi ya reli, na babu yangu akaitwa Bakiri Vinkelstroo kwa sababu alimpikia Vinkelstroo. Kwetu ndivyo watu wanavyotofautishwa, na hakuna aliyeona ubaya. Baba yangu alipopelekwa shule, mwalimu akamwandika kama alivyoitwa mtaani. Nami nilipofika nchi hii, ambako kila dirisha unaulizwa jina la ukoo na ukitaja la baba yako wanakuona huna kwenu, nikawapa hilo hilo. Laiti babu angefanya kazi relwe, leo ningekuwa Mahmoud Relwe, na ningekuwa nalala usingizi.

Sasa naeleza madhara niliyoyapata, kwa namba, ili tusipotezane.

1. Nimeletewa ndugu. Wiki ile ile gazeti lilipotoka alikuja dukani Mama Brigitte, msusi kutoka Bukavu, ambaye huwafuata kina mama wazee majumbani kuwatengeneza nywele. Mteja wake mmoja anakaa Bezuidenhout Valley, anaitwa Bi Aletta Vinkelstroo. Ni mzungu mwenye miaka themanini na kitu, hakuolewa, hana mtoto, na nduguze wote wametangulia. Brigitte alimfasiria habari yenu huku anamchana. Bi Aletta akaomba koti lake, nywele zikiwa nusu. Nilipoinua macho kutoka kwenye cherehani niliwaona wamesimama mlangoni, Brigitte anahema: "Papa Mahmoud, famille yako njo huyu, nimekuletea!" Yule bibi akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanikazia macho puani, akasema hiyo ni pua ya kwao. Pua hii, Ndugu Mhariri, ni ya mama yangu, Mdigo wa Duga. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimweleze habari za mkonge, lakini alikuwa analia. Nikaagiza chai.

2. Mke wangu. Biubwa hawezi kukaa na mtu asiyejua amweke wapi. Mtu akishaitwa ndugu, kwake lazima ijulikane ni ndugu wa namna gani, ili ajue amwamkieje na amtumie nini siku ya Idi. Akampima Bi Aletta kwa jicho. Akasema hana mwendo wa bibi, anapanda ngazi bila fimbo, kwa hiyo hawezi kuwa shangazi yangu. Ni dada yangu mkubwa. Nilimwambia mke wangu kwamba mimi sina dada. Akanijibu kwamba sasa ninaye, na nivute kiti. Tangu siku hiyo kila Ijumaa bakuli la pilau linakwenda Bezuidenhout Valley, na linarudi na biskuti ngumu za kuchovya kwenye chai, ambazo zimenivunja jino. Jino silidai. Nalitaja tu.

3. Posa. Hapa ndipo penye kidonda, na ndiyo sababu hasa ya kukuandikia.

Nina mtoto mmoja, Samira. Ameposwa na kijana wa Kizanzibari aitwaye Fahad, mwenye spaza, kiduka cha mtaani, huko Soweto. Sasa, katika nyumba yetu kuna desturi: jibu la posa halitoki mpaka shangazi wa binti aketi na wazee na kutamka neno lake. Kwa kuwa mimi sina dada, Samira hana shangazi. Kwa hiyo niliwajibu wazee wa Fahad, kwa adabu zote, kwamba tunamsubiri shangazi. Hawakuuliza yuko wapi wala anatoka lini. Walidhani yuko Tanga anatafuta viza. Mpango huo ulikuwa unakwenda vizuri sana, na ungeendelea hivyo hivyo mpaka kijana achoke mwenyewe. Kisha gazeti lako likanipa dada.

Usidhani namchukia kijana. Anasali, anasalimia wakubwa, na suti mbili amenunua kwangu bila kuomba nimpunguzie. Lakini duka lake limeshavunjwa mara mbili na watu wanaotaka wageni waondoke, na yeye analala mle mle ndani, nyuma ya magunia ya unga. Samira nimemlea kando ya cherehani hii. Nikifikiria kwamba habari za Soweto zikitajwa redioni mwanangu atakuwa ndani yake, mshono unakwenda upande. Naogopa, na sioni haya kusema naogopa. Tena dukani Samira ndiye ajuaye kutia vifungo vya makoti.

4. Kikao chenyewe. Wazee wa Fahad, waliposikia shangazi amepatikana, walikuja siku ya pili yake na sinia za halua. Bi Aletta alikuja amevaa kofia ya majani, na juu ya gauni lake Biubwa alikuwa amemfunga kanga. Akaketishwa kwenye kiti kikubwa. Mimi, mwenye nyumba, nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kiingereza changu ni cha kifua, kiuno na urefu wa mkono, na yule bibi anaongea chini chini, kwa hiyo ilibidi awepo mkalimani. Mkalimani alikuwa Samira. Nakuomba mstari huo uusome mara mbili.

Bi Aletta hakuuliza habari za mahari wala za ukoo. Alimwuliza kijana: watu wale wakija tena kuvunja mlango, utaokoa nini kwanza? Nakiri kwamba lilikuwa ndilo swali nililokuwa nalo moyoni miezi yote hiyo, nikashindwa kuliuliza kwa kuogopa jibu. Fahad akasema, "Shangazi, duka ni mabati tu. Mimi naondoka na mke wangu, wao wabebe sukari." Samira akafasiri yote, asipunguze neno. Bi Aletta akapiga kofi kwenye mkono wa kiti, akasema, "Sharp!" Neno hilo la kukubali halikuhitaji mkalimani. Fatiha ikasomwa pale pale, nami nimebaki mdomo wazi na halua ndani.

5. Lalamiko namba tano nimelifuta kwa ombi la mke wangu, aliyekuwa anasoma barua hii akiwa amesimama nyuma yangu.

6. Nimejaribu kujitibu mwenyewe nikashindwa. Nilifikiri hivi: ubaya wote umetokana na uchache. Katika mji huu mtu aitwaye Smith hapati shangazi kila anapokutana na Smith mwingine kwenye robot, yaani taa za barabarani. Wanapishana tu, kila mmoja na shida zake. Kwa hiyo nikiligawa jina langu kwa watu wengi, litakuwa la kawaida, na undugu utakufa wenyewe bila mtu kuvunjiwa heshima. Nikaanza na Théodore, fundi wa Lubumbashi ninayechangia naye duka. Mwanzoni alikataa. "Mi niko na majina ine tayari, Papa, ya tano itanifanya nini?" Nikamsihi, nikamwachia meza ya dirishani, akakubali. Bi Aletta aliposikia kuna Vinkelstroo mwingine alikuja na biskuti mfuko mzima, akamkumbatia, akamtazama pua. Sasa Théodore ni ndugu wa tatu, Biubwa amempa usimamizi wa vinywaji vya harusi, na analichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa kuliko mimi. Nilikusudia kupunguza ukoo, nimeuongeza. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Kwa sababu hizo, na kwa kuwa nikaha imepangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, naliomba gazeti lako yafuatayo.

Mosi, mchapishe, ukurasa wa mbele, kwamba mwandishi wenu alikosea kuhesabu, na kwamba Vinkelstroo ni miongoni mwa majina yaliyojaa mno Ulaya. Muandike kwamba huko Uholanzi watu wenye jina hilo wanasukumana masokoni, na serikali yao inafikiria kuwazuia wasiongezeke. Pili, muandike kwamba shamba lile halikuwa moja, yalikuwa mengi, hayakujuana, na wala hayakuzama; yalikuwa na unyevunyevu tu. Tatu, ikiwa dhamiri ya uandishi inakuzuia kuyasema hayo, basi yafanye yawe kweli: kila atakayelipia gazeti mwaka mzima mpe jina la Vinkelstroo kama zawadi. Mimi nalitoa bure, na nitawashonea watu wako vibandiko vya kifuani. Wakifika elfu moja, hakuna atakayeweza kusema sisi ni damu moja. Bi Aletta atakuwa jirani mwema wa Bezuidenhout Valley, anayestahili pilau lakini asiyestahili kiti kikubwa. Jibu lake kwa posa litakuwa limetolewa na asiyehusika, na mimi nitarudi kumsubiri shangazi kwa amani.

Naona ombi hili ni dogo. Mlilolivunja ninyi kwa nusu ukurasa mnaweza kulijenga kwa nusu ukurasa.

Nisalimie wote hapo ofisini: mpiga chapa, mama wa chai, na vijana wanaosambaza gazeti Berea kwenye yale maghorofa yasiyo na lifti, Mungu awape magoti. Msalimie pia mwandishi wa "Jina na Asili Yake". Mwambie aje dukani nimshonee kanzu bila malipo, maana nataka kumpima shingo kwa mkono wangu.

Ni mimi, msomaji wako mwenye subira inayopungua,

Mahmoud Nassir Vinkelstroo (kwa muda)
Fundi, Troyeville

Baada ya kuandika: Bahasha nilikuwa nimeshaibandika, nimeifungua tena. Leo asubuhi Bi Aletta ameanguka jikoni kwake, amevunjika nyonga, yuko hospitali. Katika wodi aliyolazwa wanaingia ndugu wa damu tu. Muuguzi wa mlangoni alinitazama mimi, akamtazama Biubwa, Samira na Théodore, kisha akamtazama mgonjwa, akatikisa kichwa, na simlaumu. Bahati nzuri ni Mrundi, Kiswahili anasoma. Nilimpa gazeti lako. Alisoma taratibu mpaka pale penye damu moja, akatufungulia. Aliniuliza mimi ni nani wake. Nilisema ni dada yangu, na neno halikunikwama.

Wazee wa Fahad wamepiga simu. Wanasema nikaha isomwe Jumamosi kama ilivyopangwa, mgonjwa aendelee kupumzika. Nimewajibu kwamba haisomwi mpaka aweze kukaa kwenye kiti, hata ikifika mwakani, na Fahad mwenyewe ameniunga mkono. Yuko hapa nje ya wodi, amefunga duka mchana, ameleta machungwa.

Tatizo ni zamu ya jioni. Muuguzi anabadilika, na lile gazeti sijui nani amelichukua. Kwa hiyo nakusihi, Ndugu Mhariri, usichapishe hata neno moja la hapo juu. Mpe huyu anayeleta barua nakala tatu za toleo lile. Na toleo lijalo muandike tena, kwa herufi kubwa, kwamba jina hili ni adimu mno, kwamba shamba lilikuwa moja na lilizama, na kwamba kwa Johannesburg nzima tuliobaki ni sisi tu, wa nyumba moja.