Makosa Matatu ya Programu ya Maji

Jumatatu, 2 Machi 1987
Habari kubwa hapa ofisini Voi! Bosi wetu, Bwana Kituku, ametangaza kwamba kila programu itasomwa kwanza kwenye karatasi, sote tukiwa mezani, kabla ya kuingizwa kwenye kompyuta. Kila kosa litaandikwa, pamoja na jina la aliyeligundua. Baadaye yatahesabiwa makosa yaliyotuponyoka yakajulikana shambani. Hivyo, anasema, tutajua kama vikao vyetu vinafaa au tunamaliza chai tu. Na mgunduzi hodari atakuwa mkuu wa chumba cha kompyuta. Mkuu! Mimi, Gilbert! Shida ni mwenzangu Mutindi. Yeye husoma programu kwa rula, mstari kwa mstari. Naichukia ile rula.

Jumanne, 3 Machi
Nimepata dawa. Kesho inasomwa programu yangu, ile ya kupanga zamu za maji kwa wakulima wa Mboghoni, kule Taveta. Nimepanda humo makosa matatu kwa mkono wangu mwenyewe. Nani atayagundua haraka kuliko aliyeyapanda? La kwanza, siku ya nane ya wiki. La pili, mfereji usiokuwepo. La tatu ni zuri kweli, dogo kama kiroboto: mfereji wa chini unapata maji mara mbili, wa juu haupati hata tone. Nalala nikitabasamu.

Jumatano, 4 Machi
Balaa. Nilikohoa ili nitangaze la kwanza, kumbe Mutindi ameshaliwekea rula. La pili pia! Nikafungua mdomo kwa la tatu. Hapo Bwana Kituku akavua miwani. "Gilbert, makosa ya kitoto namna hii, aliyeandika si wewe?" Upande huo sikuwa nimeufikiria. Akauliza kama kuna lingine. Nikasema hakuna. Kesho nitalirekebisha kimyakimya.

Alhamisi, 5 Machi
Sikulirekebisha. Mutindi alifika mapema kuliko mimi, akaingiza programu, akachapisha zamu, na dereva akaondoka na karatasi kuelekea Taveta. Bidii nyingine ni uchokozi.

Jumamosi, 7 Machi
Usingizi umegoma. Asubuhi nimedandia lori la mkonge hadi Mboghoni. Mfereji wa chini unafurika, vyura wanaimba. Wa juu mkavu. Nikamwomba Obadiah, yule anayefungulia maji, afungulie juu. Akakataa katakata. Akanionyesha karatasi: kompyuta imesema chini. Nikamwambia aliyeifundisha hiyo kompyuta ni mimi. Akacheka mpaka akakaa chini.

Huko juu nikamkuta Mama Jerusha, mjane, akimwagilia miche ya vitunguu kwa sufuria. Nusu imeshalala. "Mwanangu," akaniuliza, "huyo kompyuta nimemkosea nini?" Nilitamani ardhi ipasuke. Nikachukua madebe, nikabeba maji mpaka jua likazama. Akanipikia ugali na samaki, akaniombea baraka. Samaki alishuka vizuri. Baraka ndiyo iliyonikaba.

Jumatatu, 9 Machi
Rula! Mutindi aliirudia programu Jumamosi, akalipata lile la tatu, akapiga simu Taveta. Jana maji yalifika juu. Bwana Kituku amepiga hesabu: makosa mawili yamenaswa kikaoni, moja limetoroka hadi shambani. Kikao kinafaa, ila kiongezewe muda. Mutindi ndiye mkuu.

Baadaye akaniita pembeni. Taveta walimwambia nimeonekana mferejini, akaniuliza nilijuaje kwenda Mboghoni kabla ya simu yake. Nikasema nilikwenda kumsalimia shangazi. Akayatazama malengelenge mikononi mwangu. Akanipa dawa ya kupaka, wala hakumwambia bosi. Mtu mzuri. Inaniudhi.

Jumanne, 10 Machi
Leo Bwana Kituku amenisifu mbele ya wote! Amesikia nilivyobeba maji. Kuanzia sasa, anayewahi shambani kosa likitoroka atapewa pikipiki ya ofisi. Pikipiki!

Wiki ijayo tunasoma programu ya mifereji ya Mghange. Nimemfikiria sana Mama Jerusha na miche yake, na nimeapa: sipandi tena makosa matatu. Safari hii moja tu. Na kule milimani mvua hainyimi mtu. Likitoroka, nani ataumia?