Tarumbeta ya Pili na Mwelekeo wa Makorongo

Jumanne, 3 Septemba

Tumefungwa tena. Mechi ya saba mfululizo. Ligi yetu ya besiboli ina timu sita na sisi ni wa sita. Zikiongezwa nyingine nne, naamini tutazipisha kwa heshima zote. Jina letu ni Makorongo wa Tokiwa. Mwanzilishi wa klabu alikusudia ndege. Msimu huu naanza kufikiri alikusudia mabonde.

Ofisi imejibu barua yangu ya kumi na nne, ile ya kurasa tisa kuhusu mwelekeo wa timu. Imenitumia taulo. Limeandikwa kaulimbiu ya mwaka: SONGA MBELE. Ukiwa wa sita kati ya sita, kweli hakuna pengine pa kusonga.

Tatizo la timu hii lina jina. Kajiura, nahodha, miaka thelathini na tisa. Analinda kituo cha kwanza kama mlinzi mchovu anavyolinda ghala, kwa kuwepo tu. Agosti nzima alipiga mpira wa maana mara nne. Leo mtu mmoja nyuma yangu alimpigia kelele aende nyumbani akalee wajukuu. Jirani yake akamjibu kwamba wajukuu nao wana haki zao.

Na Hidaka, miaka ishirini na miwili, anachakaa timu ya pili, ng'ambo ya mto! Nimekwenda kumwona mara kumi na moja. Watazamaji arobaini, wawili kati yao wamekuja kulala. Anapiga kila kinachopita mbele yake. Mwisho wa mwezi klabu hutoa orodha ya wanaoachwa, na asiyewahi kukanyaga uwanja mkubwa huandikwa wa kwanza. Asipopandishwa Septemba hii, basi tena.

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo niseme. Nimemtungia Hidaka wimbo. Mistari kumi na miwili, inaanza na jina lake silabi kwa silabi, na katikati sauti inapanda polepole kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji kichwani. Katika kikosi chetu cha washangiliaji kila mpigaji ana wimbo wake, unaopigwa tangu anaposimama na gongo mpaka anapotoka. Kanuni ya tano: asiye wa timu ya kwanza hana wimbo. Wangu uko kwenye droo tangu Aprili.

Jumatano, 4 Septemba

Ugunduzi! Nimetazama video za Kajiura, mara sitini na nane alizosimama na gongo, nikiwa na saa ya kupimia. (Tasnifu yangu ni ya takwimu. Profesa anadhani naiandika.) Kajiura hangoji kuuona mpira. Anaufuata wimbo wake. Pigo la tatu mguu unainuka, pigo la nne gongo linatoka. Amesikia wimbo mmoja kwa miaka kumi na saba. Mwili umezoea kama punda anayejua njia ya kinu.

Kwa hiyo tukiupiga taratibu zaidi, atachelewa. Akichelewa, atakosa. Akizidi kukosa, hata kocha wetu, ambaye huamka kipindi cha sita, ataona. Kajiura benchi, Hidaka uwanjani. Simdhuru mtu. Namchelewesha tu.

Kikwazo: wimbo wa nahodha hupulizwa na tarumbeta ya kwanza. Mimi ni ya pili. Ya kwanza ni Murakoshi, karani wa posta, mashavu kama chura wa masika. Katika miaka miwili hajaniachia hata wimbo wa mrushaji wa akiba.

Ijumaa, 6 Septemba

Mpango wa Murakoshi. Mtu mwenye uchachu mdomoni hawezi kupuliza. Midomo hujikunja yenyewe. Nimechukua plamu za chumvi za bibi yangu, zimekaa mtungini miaka tisa, na mfuniko umeshaliwa na kutu. Nimezifinyangia ndani ya matonge matatu ya wali. Kesho, dakika kumi kabla ya mechi, nitamkaribisha.

Jumamosi, 7 Septemba

Amekula yote matatu. Machozi yalimtoka. Nikangoja midomo. Midomo haikufanya chochote. Kumbe kwao ndiko plamu zinakotoka, na alilelewa kwazo. Machozi yalikuwa ya jambo lingine.

“Dada Fumika,” akasema, “tangu nihamie mji huu hakuna mtu aliyenifinyangia wali kwa mkono wake.”

Akauliza naye anifanyie nini. Nikasema: wimbo wa nahodha. Akanikabidhi kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Kuna jambo hakulielewa vizuri. Nitalishughulikia siku nyingine.

Mechi. Kwa kawaida tunaupiga kwa mapigo mia na thelathini na mawili kwa dakika. Nilishuka hadi mia na ishirini. Ngoma ikanifuata; ngoma hufuata tarumbeta. Wimbo ukajikokota kama blanketi lililolowa. Kajiura akainua mguu. Akangoja. Akaupiga mpira, ukavuka ukuta, pigo bora kuliko yote.

Kipindi cha saba, akauvusha mwingine. Tumeshinda 5–3.

Sampuli ndogo. Sina wasiwasi.

Jumapili, 8 Septemba

Mapigo mia na kumi na mawili. Kajiura alipiga vizuri mara tatu. Tumeshinda tena. Nadharia yangu ni sahihi kabisa: uhusiano upo. Alama tu ndiyo imegeuka, kutoa ikawa kujumlisha.

Baada ya mechi Mzee Onizuka aliniita kando. Ni kinyozi na ndiye mkuu wa kikosi, ana miaka sitini na mitatu na sauti iliyobaki nusu.

“We binti, nani kakufundisha kuupiga hivyo?”

Nikajua nimekamatwa. Nikasema hakuna, ni pumzi tu zilipungua.

Akatikisa kichwa. Akasema wimbo ule aliutunga yeye, Kajiura alipoingia timu akiwa kijana, na mwendo wake ulikuwa huo huo wa leo. Kila msimu kikosi kimekuwa kikiuharakisha kidogo, na hakuna aliyegundua, kama saa inayokwenda mbele dakika moja kwa wiki.

“Miaka hii yote tunasema mzee kachoka,” akasema. “Kumbe ni sisi tulikuwa tunamkimbiza.”

Akajifuta macho kwa kiganja. Nikasimama pale na tarumbeta yangu. Nilipofika nyumbani niliandika: shahidi ana hisia, ushahidi haufai.

Jumanne, 10 Septemba

Suluhisho liko wazi. Ikiwa taratibu inamponya, haraka itammaliza. Mia na hamsini!

Murakoshi, ambaye kwa siku mbili alikuwa amejishawishi kwamba ule mwendo wa taratibu ulikuwa unamwimbia yeye, aliuliza kwa unyonge kama nina mahali ninawahi. Jukwaa lilishindwa kunifuata. Maneno yaligongana. Safu za juu zilimaliza beti kabla za chini hazijaanza. Kajiura akatoka kwenye nafasi yake, akapangusa gongo, akatutazama. Alikuwa anacheka. Akarudi, akasimama tu. Hakuzungusha gongo hata mara moja.

Ila mrushaji wao alinifuata. Alianza kurusha kwa haraka yangu. Mipira minne ikaenda nje, Kajiura akapewa kituo cha bure. Mara nne katika mechi moja. Tumeshinda 4–1.

Mzee Onizuka akasema leo nimempiga mrushaji wa watu kwa tarumbeta, jambo ambalo hajawahi kuliona. Akaongeza nisirudie. Kuna watu wazima jukwaani, na wawili wameshika mbavu.

Jumamosi, 14 Septemba

Ushindi wa tano mfululizo. Nafasi ya tano. Klabu imetangaza kwamba Kajiura ataongezewa mwaka. Watu walishangilia. Nami nilipuliza, kwa kuwa ni kazi yangu.

Hidaka hakutajwa popote.

Asubuhi nilikuwa nimevuka mto kwenda kumwona. Mvua. Tulikuwa watu kumi na tisa. Alipiga vizuri mara tatu, na mtangazaji akalikosea jina lake mara zote tatu. Mechi ilipokwisha aliokota magongo yake mwenyewe, akayapangusa kwa shati, akasimama kidogo akiangalia viti vitupu kana kwamba kuna mtu aliyeahidi kuja. Niliimba wimbo wake kwa ndani. Hauvumi ukiimbwa kwa ndani. Unahitaji watu elfu ishirini.

Zimebaki wiki mbili.

Jumatatu, 16 Septemba. Siku ya Kuheshimu Wazee

Mechi ya mchana. Kwa amri ya Mzee Onizuka niliupiga kwa mia na kumi na mawili, si zaidi wala si pungufu. Alikaa nyuma yangu akihesabu kwa vidole. Kipindi cha tisa, sare. Kajiura akaupiga wa ushindi juu ya ukuta. Akazunguka vituo vyote kwa utaratibu wa mtu anayetoka kununua tofu ya chakula cha jioni. Wenzake walikuwa wanamsubiri kwenye kituo cha nyumbani wakiruka. Naye akaruka.

Miaka thelathini na tisa. Siku ya Kuheshimu Wazee. Akaruka!

Alitua vibaya kwa mguu wa kushoto. Kigimbi, yaani ule msuli wa nyuma ya mguu. Walimbeba akitabasamu. Hatacheza tena msimu huu. Jukwaa zima lililia, Murakoshi kwa sauti. Mimi sikulia. Nilikuwa napiga hesabu ya nani atapandishwa.

Kisha nikajisikia vibaya kwa kama dakika nne. Nilizipima.

Jumanne, 17 Septemba

Hidaka amepandishwa. Hatimaye ofisi imesoma barua zangu.

Jumatano, 18 Septemba

Mazoezi saluni kwa Mzee Onizuka, katikati ya viti na vioo. Nilipuliza wimbo wote. Mteja mmoja mwenye povu nusu uso akakataa kunyolewa mpaka uishe. Ulipoisha povu lilikuwa limekauka.

Mzee Onizuka alilifuta povu lile. Kisha akasema ni mzuri, mzuri kweli, na ile sehemu inayopanda imemshika hapa, akagusa kifua. Lakini akaomba niukate, mistari minne inatosha.

“Mwanangu, huu ni wimbo au hotuba ya harusi?”

Nikasema ukikatwa, kilele hakifikiwi. Akasema wapigaji hawasubiri vilele. Nikasema basi wajifunze. Ikapigwa kura. Murakoshi aliinua mkono upande wangu akiwa amefumba macho. Nimeshinda, saba kwa sita.

Jumamosi, 21 Septemba

Nitaandika kwa utulivu.

Mechi ya mchana. Watazamaji elfu ishirini na moja. Tulikuwa tumegawa karatasi za maneno safu kwa safu. Murakoshi alinipisha mbele akasema, “Leo ni siku yako, dada.” Mtangazaji akasoma jina, safari hii bila kosa. Hidaka akatoka, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Akavua kofia akalitazama jukwaa letu. Nikainua tarumbeta. Watu elfu ishirini na moja wakavuta pumzi.

“Hi,” tukaimba.

Mpira wa kwanza uleule, akauzungushia gongo. Ukaenda juu, ukadakwa. Akaondoka.

Kipindi cha nne. “Hida.” Mpira wa kwanza, tena. Akaupiga kati ya walinzi wawili, akafika kituo cha pili, jukwaa likaruka, karatasi zangu zikaruka nalo. Wimbo ukafia hapo.

Kipindi cha sita. “Hi.” Mpira wa kwanza.

Kipindi cha tisa tulikuwa nyuma kwa moja, mtu mmoja akiwa kituoni. Nilianza kupuliza mapema, akiwa bado anatembea, nikitumaini kuiba mstari mmoja. Mwamuzi akamwashiria mrushaji. Mpira wa kwanza. Ulivuka ukuta, ukavuka jukwaa la nyuma, na nadhani bado unakwenda. Tumeshinda.

Sijawahi kuona watu wazima wakikumbatiana vile. Mzee Onizuka alinishika mabega akasema mtoto amepona, hakuna wa kumwacha sasa, umesikia, amepona! Murakoshi alinikumbatia akaomba radhi akanikumbatia tena. Kule chini Hidaka alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono kichwani, hajui aende wapi, analia kama mtu aliyeambiwa kwamba anaweza kukaa.

Nilikuwa na mistari kumi na moja na nusu mdomoni.

Jumapili, 22 Septemba

Gazeti limemwita tumaini la Tokiwa. Klabu imesema atabaki. Vizuri. Nimetazama takwimu bila hasira, kama nilivyofundishwa.

Tatizo la timu hii ni Hidaka.

Hana subira. Kwa wastani anasimama na gongo kwa mpira mmoja tu. Timu haiwezi kujengwa juu ya mtu wa namna hiyo. Ni suala la mwelekeo, na nitaiandikia ofisi. Wimbo ule, ili ufike kwenye kilele, unahitaji angalau mipira mitano. Nimepitia wachezaji wote wa Makorongo. Mmoja tu anangoja kiasi hicho, na wastani wake ni tano nukta mbili. Daktari anasema kigimbi kitapona na Aprili mwenyewe atakuwa uwanjani.

Ka-ji-u-ra. Silabi nne badala ya tatu. Nitaongeza noti moja tu.

Kikwazo: tayari ana wimbo wake, Mzee Onizuka aliutunga, na mji mzima unaupenda.

Nina miezi sita.