Bibi wa Kukodi

Malusi alikuwa akiwaelekeza watu pa kuegesha magari mbele ya maduka makubwa mjini Durban, amevaa kizibao cha njano alichojipa mwenyewe, siku ile mlinzi mpya alipofunga gurudumu la kwanza kwa kufuli la chuma. Gari lilikuwa limejituliza kwenye mojawapo ya nafasi za walemavu. Mwenyewe alitoka dukani mbio, mzima kama ng'ombe wa maonyesho, akaanza kubembeleza.

Malusi alizitazama nafasi zile, kivulini, karibu kabisa na mlango. Akawatazama wenye magari waliokuwa wakizunguka juani kama kuku waliokosa kiota. Jumamosi wajomba zake wangekwenda kumposea Nokwanda, na huko hakuna anayefungua kinywa mbele ya wakwe bila chupa ya brandi na noti za kuanzia. Malusi hakuwa na chupa wala noti. Alikuwa na ulimi.

"Bibi, unataka kazi ya kukaa?" alimuuliza MaKhoza, aliyekuja na kiti chake cha magurudumu kuchukua pensheni.

"Naifanya miaka yote bila mshahara. Sema."

Mteja wa kwanza alimlipa Malusi getini, akampakia bibi na kiti chake kama bibi yake mzaa mama, akaingia naye moja kwa moja hadi nafasi ya walemavu. Malusi akamrudisha bibi getini kwa mteja mwingine. Pesa zilikaa mapajani mwa MaKhoza, chini ya blanketi, maana vibaka wa pale wangeweza kumpekua Malusi hadi soksi, lakini hakuna aliyethubutu kutia mkono chini ya blanketi la bibi wa watu. Ujira wa bibi ulikuwa pai na soda.

"Na huyu pia mjukuu wako?" aliuliza Thandazile, yule mlinzi.

"Nilizaa sana, mwanangu."

"Mbona Mhindi?"

"Binti yangu alipenda biriani."

Thandazile akamgeukia Malusi. "Wewe unamjua bibi huyu?"

"Dada, naapa kwa kaburi la baba, simjui. Mimi nasukuma kiti tu, kwa huruma."

Alasiri ikaja pikapu kuukuu. "Nipakie," alisema MaKhoza. Malusi akampakia, akakunja kiti, akakifunga nyuma vizuri kwa kamba.

"Huyu hajalipa," alinong'ona.

"Huyu halipi. Huyu ni mjukuu kweli."

Malusi alicheka. Kisha akaona kuwa pikapu imegeuzwa, inaelekea nje.

"Bibi, kile kitu changu."

"Kitu gani?"

"Cha chini ya blanketi."

"Mlinzi!" MaKhoza alipaza sauti. "Njoo umwone kijana anayetaka kutia mkono chini ya blanketi langu!"

Kina mama waliokuwa wakipita waliweka mifuko yao chini. Mmoja akavua kiatu.

"Si uliapa kuwa humjui?" Thandazile aliuliza. "Kitu chako kimefikaje huko?"

Malusi alikitazama kile kiatu, akarudi nyuma hatua moja. "Namtakia safari njema tu," alisema.

MaKhoza akamwinamia Malusi dirishani. "Mwanangu, kila mwezi nashushwa kule kwenye mapipa ya taka, nasukumwa mvuani, kwa sababu wazima wamejaa kwenye nafasi yangu. Leo wamelipa kodi. Pai ilikuwa tamu."

Pikapu ikaondoka. Vumbi lilikuwa halijatua mtu mmoja mnene alipomshika Malusi kizibao. Huyu alikuwa amelipa getini, akaona uvivu kusubiri zamu yake ya bibi, akatangulia kuegesha kwenye nafasi ya walemavu. Sasa gurudumu lake lilikuwa na kufuli.

"Yuko wapi bibi niliyemlipia?"

"Amesafiri, bosi."

"Basi nitafutie mlemavu sasa hivi, la sivyo nitamtengeneza mmoja."

Malusi alichomoka kwenye kizibao kama ndizi kwenye ganda, akatimua mbio. Miguu yake yote miwili, ashukuriwe Mungu, ilikuwa mizima.