Mama Anasema Hasikii Joto

Jumatatu, 7 Julai 2025

Kiyoyozi kimefungwa! Hapa Nyanga mtaa mzima hakuna mwingine mwenye nacho. Joanitha, mke wangu, anasema Bukoba tuna ziwa, kiyoyozi cha nini. Hajui mipango.

Mpango wenyewe ni Mama. Nilimtoa Kamachumu baada ya misa ya arobaini ya Baba. Dada yangu Benadetha, anayekaa naye jirani kule, alisema Mama hatakaa mjini hata mwezi. Tutaona! Nimebaki na mzazi mmoja. Usiku nashtuka kwa hofu kwamba nitapigiwa simu tena kama ile ya Baba. Simwachii Benadetha.

Tatizo ni dirisha. Chumba cha Mama kinatazama migomba ya jirani yetu, Mzee Mutembei. Kila jioni Mama anafungua dirisha. Nafunga, anafungua. Joto la kiangazi hilo! Nimeweka digrii ishirini na sita.

Jumanne, 8 Julai

Dirisha wazi tena. Nikamuuliza Mama kama anasikia joto. Akasema hasikii joto. Anasikiliza migomba. Majani yakigongana anajiona yuko kwake, karibu na Baba. (Baba tulimzika kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, nyuma tu ya dirisha la chumba chao.)

Nilicheka kimoyomoyo. Mhaya wa rika lake hakwambii shida yake waziwazi. Akisema ameshiba, mwongezee ndizi. Akisema anaondoka, bado yupo sana, hata chai hajamaliza. Sasa akisema migomba, mwenye akili anaelewa kwamba ni joto.

Ishirini na nne. Dirisha nimefunga mwenyewe.

Jumatano, 9 Julai

Mama amevaa sweta la Baba. Lile la kijivu, lililotoboka kiwiko. Joanitha anadai Mama anasikia baridi. Nikamweleza kwamba mjane huvaa nguo ya marehemu kwa majonzi, haihusiani na rimoti.

Baadaye nikamkuta Mama ameshika mkono wa lile sweta, anaunusa. Nilitoka nje haraka. Joanitha akauliza natafuta nini uani. Nikasema kuku. Hatufugi kuku.

Ishirini na mbili.

Ijumaa, 11 Julai

Dirisha wazi! Baridi yangu yote inaenda kwa Mutembei bure! Nimelipiga msumari. Mama alikaa kitandani akinitazama mpaka nikamaliza. Akasema haya, mwanangu. Kwa hiyo amefurahi.

Kikatokea kikwazo kingine. Fundi anasema mashine ya nje haipumui vizuri, migomba ya Mutembei imeegemea ukuta. Nikaenda kumwomba aikate. Alikataa katakata. Akaniuliza nimezaliwa wapi, mtu mzima nisiyejua kwamba mgomba wenye mkungu mchanga haukatwi. Nikajaribu chupa ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Akainywa, akakataa tena. Ndipo nikamtaja Mama: mjane, mgonjwa wa joto, hapati usingizi. Mzee akaweka chupa chini. Akasema kama ni kwa ajili ya mjane, basi, atamkatia.

Nikitumia akili yangu ipasavyo, hakuna wa kunishinda.

Jumamosi, 12 Julai

Migomba yote ya ukutani iko chini. Mashine inapumua safi.

Mama alisimama nyuma ya kioo asubuhi nzima akitazama visiki. Nikamwambia ni kazi yangu, sihitaji shukrani. Joanitha alimpikia ndizi na maharage, Mama akagusa tu. Akasema ameshiba. Nikamwongezea. Chakula kikapoa pale pale mezani.

Nimekaa sana nikitazama ile sahani. Baba naye alianza hivi hivi, kwa kuacha chakula. Naogopa. Nifanye nini zaidi ya ninayofanya?

Nimeshusha hadi ishirini.

Jumapili, 13 Julai

Mama ameamka anakohoa. Misa hakwenda. Kumbe jana alimpigia Benadetha kwa simu ya Joanitha. Hujuma ndani ya nyumba yangu!

Benadetha alifika na gari la kukodi na mablanketi mawili. Salamu hakuna. Akaingia chumbani, akashika ukuta, akaniuliza kama humu natunza mzazi au maiti. Neno hilo limenichoma. Kisha akang'oa msumari wangu kwa mwiko wa Joanitha. Mwiko ukavunjika, nikalaumiwa mimi.

Mama akaniita nikae karibu naye. Akanishika kichwa, kama alivyokuwa akifanya nikiwa na homa utotoni. Akasema hana ugomvi na mimi. Anachotaka ni kuamka asubuhi, afungue dirisha lake, amwambie Baba kwamba kumekucha. Basi. Akasema kwa upole wa Kihaya, waitu, mwanangu, ni hicho tu, sina kingine.

Nililia mbele ya Benadetha. Mbele ya Mutembei pia, maana alikuwa amekuja na papai la mgonjwa. Gari likaondoka. Mama alipunga mkono, mkono wa sweta ukining'inia.

Jumatatu, 14 Julai

Chumba kitupu. Nimekaa kitandani kwake na rimoti. Mto una harufu ya moshi wa jikoni la Kamachumu. Kiyoyozi kinavuma, na sikizimi, kwa sababu nikizima nyumba itakuwa kimya kabisa.

Joanitha amenifunika blanketi. Hajasema nilikwambia. Ningependa angesema.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeelewa! Siku tano sikulala vizuri nikiyarudia maneno ya Mama, na leo nimeelewa. Mama hakukataa baridi. Alikataa mji. Alitaka kuwa kwake. Basi kiyoyozi kimfuate kwake! Nimekwisha kuking'oa.

Benadetha hajui, Joanitha hajui. Fundi alipita Kamachumu jana kupima chumba cha Mama, mwenyewe akiwa kwenye sala za jumuiya. Anasema ukuta wa mbele una mlango, wa kushoto una ufa, wa kulia umepakana na jiko lenye moshi. Unaofaa ni mmoja tu, wa nyuma, unaotazama kibanja. Una dirisha, lakini hilo si tatizo. Tutaliziba kwa tofali. Kuna pia mgomba mmoja kando ya kaburi la Baba utakaosumbua mashine ya nje. Huo nitaukata mwenyewe, kwa heshima zote.

Na digrii zilikuwa chache mno, nimejifunza. Safari hii ishirini na tano.

Tunaondoka sasa hivi, fundi ananisubiri barabarani na tofali. Mama atasema hataki. Namjua mama yangu.