Mkanda wa Harusi ya Beatha

Humphrey aliiona riziki yake jalalani. Nyuma ya maduka ya stendi ya Same mtu alikuwa ametupa deki ya mikanda ya video, na juu ya deki kuku alikuwa anaatamia. Humphrey alikuwa karani wa shamba la mkonge mpaka shamba lilipobinafsishwa, yeye akapunguzwa pamoja na kiti chake. Alisimama akafikiri. Kama watu wanatupa deki, basi wamehamia kwenye DVD. Na kama wamehamia, kule milimani kuna harusi chungu nzima zimefungwa ndani ya mikanda isiyo na pa kuchezwa. Akamwomba kuku radhi, akabeba deki.

Hizo zilikuwa enzi za soko huria. Serikali ilikuwa imetutangazia kila mtu ajitafutie, na sisi watu wa Same ni wasikivu sana. Wenye mtaji walifungua maduka, wasio na mtaji wakafungua midomo. Humphrey alipanga chumba, akaazima kompyuta, akabandika tangazo mlangoni: TUNAHAMISHA MKANDA KUWA DVD, PICHA INANG'AA KULIKO SIKU YENYEWE.

Alikuwa na viwango vitatu: Kawaida, Maalumu na Ulaya. Tofauti yake ilikuwa rangi ya kasha. Ndani, harusi zote zilipita kwenye deki ileile yenye manyoya ya kuku, kisha zikabanwa tatu tatu kwenye diski moja ili kubana matumizi, mpaka bwana harusi akawa hana pua na bibi harusi akawa vipande vya mraba. Mteja akirudi kulalamika, Humphrey alimwuliza kwa upole, "Kwani siku ile hakukuwa na ukungu?" Sasa huku kwetu milimani lini pakakosa ukungu? Mteja alikumbuka ukungu, akaomba msamaha kwa usumbufu. Ndiyo maana nasema tapeli mwenzetu alihitaji akili kidogo tu, nyingine tulimpa sisi.

Siku moja akaingia Mama Koleta, mjane kutoka vijiji vya juu, ameshika mkanda uliofungwa kwenye kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka ile ya Ulaya. Hii ni harusi ya binti yangu Beatha, na humu ndani kuna shamba."

Humphrey alivuta kiti. Mama akaeleza kwamba siku ya harusi shemeji yake Eliufoo, baba mdogo wa bibi harusi, alishika kipaza sauti mbele ya ukoo mzima akawapa maharusi shamba la tangawizi lililo chini ya ndiva, lile bwawa letu la kugawana maji. Miaka yote Beatha na mumewe walikuwa wakifanya kazi kwenye mkonge. Sasa mkonge umewatema, wamerudi na watoto, na Eliufoo anasema hajawahi kutoa hata tuta. Mzee aliyesimamia harusi amefariki, wageni wengine wanasema walikuwa wameshakunywa. Wiki ijayo shauri linasikilizwa kwenye baraza la kata.

"Sura yake isipoonekana vizuri, wajukuu zangu hawana pa kulima," alisema Mama Koleta. "Nitakulipa baada ya baraza. Na tafadhali, shemeji yuko hapo sokoni anauza tangawizi, yule mwenye kaunda suti ya kijivu. Usimwambie mkanda uko kwako, maana ni mtu mwenye uwezo, anaweza kukushawishi."

Humphrey aliapa kwa jina la mama yake. Mama Koleta alipokata kona tu, yeye akafunga duka akaelekea sokoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tangawizi kilo ngapi?"

"Sinunui, mzee. Mimi nauza ukungu."

Eliufoo alimtazama, akasogeza gunia ili wazungumze vizuri. Mpare halisi haulizi ukungu ni wa nini kabla hajauliza bei, na alipoisikia akasema apunguziwe. Alipoambiwa mkanda wa Beatha uko kwa nani, wakavutana mpaka jua likahama. Mwishowe mzee akasema taslimu hana, ila picha ikiharibika asitambulike, atamkatia Humphrey nusu ya shamba lenyewe.

"Tuandikishane basi."

"Kijana, mimi mtu mzima. Neno langu halitoshi?"

Na Humphrey, aliyetoka kusikia kisa cha neno la mzee huyohuyo, akasema linatosha. Usicheke. Alikuwa ameshajiona amevaa gambuti, anafokea vibarua katikati ya tangawizi.

Alifanya kazi ile kwa moyo. Hakusafisha kichwa cha deki, kile kinachosoma mkanda, akatumia waya uliolegea, akapachika na harusi nyingine mbili za kutoka Kihurio kwenye diski hiyohiyo, na ubora akaushusha hadi chini kabisa. Eliufoo alipokuja kutazama, kwenye runinga ilionekana suti yenye ukungu ikiongea kama iko ndani ya pipa.

"Ni nani huyo?" aliuliza mzee.

"Hata mimi simjui."

"Na mkanda?"

"Umeliwa na mashine," alisema Humphrey, akamwonyesha utepe wa mkanda mwingine uliokatikakatika. Ule wa Beatha alikuwa ameuweka chini ya godoro, kwa kuwa alitarajia siku moja kumuuzia mzee huyohuyo. "Sasa twende ukanionyeshe mpaka wa nusu yangu."

"Nusu ya nini?"

"Ya shamba, mzee. Uliahidi."

Eliufoo alisikitika kweli. "Mwanangu, mimi nagawa mashamba? Ungekuwa hata na ushahidi ningekuelewa." Akaitia diski mfukoni, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Humphrey alikaa kitandani akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Mjini kote yeye ndiye aliyejua kuliko wote kwamba Eliufoo huahidi kisha hukana, na ushahidi wa jambo hilo alikuwa ameuharibu kwa mkono wake. Alijiita majina ambayo siwezi kuyaandika. Kisha hasira zikapanda, akavuta mkanda chini ya godoro.

Akafungua deki, akatoa manyoya, akafuta kichwa kwa pamba na spiriti. Akaupeleka mkanda mbele na kuurudisha nyuma ili ulegee. Akaazima waya mzima, akaipa harusi ya Beatha diski nzima peke yake, na ubora akaupandisha mpaka mwisho. Kazi yote hiyo alikuwa anaijua tangu mwanzo. Hakuwahi kuona sababu ya kuifanya.

Siku ya baraza alipanda mwenyewe kwa lori la tangawizi, diski kifuani. Eliufoo alikana kwa sauti ya upole. Diski ikawekwa. Picha ikatoka safi, unaona hata nzi kwenye keki, na mzee kasimama na kipaza sauti anawapa maharusi shamba kutoka ndiva mpaka njia ya kanisani.

"Huyo si mimi," alisema Eliufoo. "Ni mtu aliyefanana nami."

Mwenyekiti wa baraza alisogea karibu na runinga. Kaunda suti ya kwenye harusi ilikuwa na kifungo cha tatu kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Akageuka akamtazama Eliufoo, aliyekuwa ameketi pale na suti hiyohiyo, kwa kuwa sisi nguo nzima hatutupi. Shamba likaenda kwa Beatha, na Beatha akalia waziwazi mbele ya watu.

Nje, Humphrey alimfuata Mama Koleta.

"Mama, mzee alinidhulumu mimi pia."

"Nilijua atakudhulumu. Ndiyo maana nilikuelekeza mpaka suti yake."

"Ulijua nitakwenda?"

"Mwanangu, ile harusi ya mdogo wangu kule Kihurio ulihamisha wewe. Kwenye diski bibi harusi hatumtambui mpaka leo. Nikasema huyu nikimlipa ataharibu, bora adhulumiwe kwanza ndipo atafanya kazi."

Humphrey alicheka. Mama Koleta akafungua kikapu akatoa mikanda mingine miwili.

"Hii ni ya ubatizo wa wajukuu. Utaihamisha vizuri hivihivi, au nikutafutie tena mtu wa kukudhulumu?"

Humphrey aliipokea kwa mikono miwili.