Miaka Kumi na Moja Niliyojipunguzia

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Simu kutoka Maskati. Kadii! Binti yangu muuguzi, hospitali kubwa, viatu vyeupe. Nimeongea naye nikiwa nimesimama barazani ili majirani wasikie.

Aliondoka hapa Malindi na shangazi yake akiwa na miaka kumi na sita, kwa hiyo hajawahi kuchukua kitambulisho cha taifa. Sasa pasipoti yake inaisha mwezi ujao. Bila kitambulisho hapewi mpya. Bila pasipoti hospitali haimwongezei mkataba, na atarudi nyumbani mikono mitupu baada ya miaka kumi. Maafisa kutoka Nairobi watakuwa huko Ijumaa na Jumamosi kuandikisha Wakenya. Anataka nakala za vitambulisho vya wazazi na barua ya chifu. Basi.

Nikamwambia alale usingizi. Jambo likishikwa na Thoya wa Ngowa limekwisha.

Jioni nimejiteua Mwenyekiti wa Wazazi wa Walio Ughaibuni, Malindi. Mke wangu ameuliza nani amenichagua.

Jumanne, 9 Septemba

Awadh! Tulisoma darasa moja, mimi nikimzidi mwaka. Sasa ana duka la fotokopi na anajiona waziri. Leo ametangaza mbele ya wateja kwamba Sahla wake, naye yuko Maskati, ameshaandikwa wa kwanza kwenye orodha. Wa kwanza! Binti yangu amfuate binti wa Awadh? Haiwezekani.

Nikapata akili. Kwa nini tungoje Ijumaa? Mdogo wake Kadii, Nelly, yuko hapahapa. Baba mmoja, mama mmoja. Vidole vitakuwa na tofauti gani? Nikamvalisha hereni za dada yake, tukaenda ofisi ya usajili kwa jina la Kadii.

Kidole cha kwanza tu, mashine ikatoa picha ya Nelly, jina la Nelly, hata kijiji. Karani akamuuliza kama ana roho mbili. Mimi nilikuwa nimeshafika nje. Nelly amerudi kwa miguu, peke yake, na hasemi nami mpaka sasa.

Jumatano, 10 Septemba

Siku ya fedheha.

Nimempelekea Awadh kitambulisho changu akitoe nakala. Akakisoma. Akakisoma tena. Akavaa miwani. Imeandikwa nimezaliwa 1987.

Hapa lazima nieleze, japo hii ni shajara yangu na sina wa kumweleza. Mimi ni wa 1976. Lakini mwaka 2007 jeshi lilikuja kuandikisha vijana, nami nilikuwa sijachukua kitambulisho bado, nikaona nijipunguzie miaka kumi na moja. Kazi safi! Jeshini sikuingia, daktari wao alitazama magoti yangu akacheka. Lakini ujana nikaubakiza. Kitambulisho kinasema nina miaka thelathini na minane, na sijawahi kuona sababu ya kukibishia.

Awadh akahesabu kwa vidole. Kadii ni wa 1999. Akawauliza wateja kama wamewahi kumwona mtu aliyeitwa baba akiwa na miaka kumi na miwili. Halafu akakaa vizuri kitini, akasema kwa mujibu wa serikali mimi ni mdogo wake sana, na watoto wenye adabu huamkia. Nimwamkie Awadh! Nikachukua nakala yangu nikatoka.

Nyumbani mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kasema njia ya mwongo ni fupi, ila yangu imejitahidi, imefika miaka kumi na minane.

Sikushindwa. Nilichukua peni nyeusi, ile nane ya kwenye nakala nikaifanya saba. 1977, pungufu kidogo, lakini inapendeza. Nikaipiga picha, nikaituma Maskati.

Kadii akapiga simu usiku huohuo. Nilidhani ni ya shukrani. Kasema peni inaonekana. Kasema akipeleka karatasi ile atakosa kitambulisho, kazi, na pengine atalala ndani. Halafu akalia. Aliniambia baba, mimi nimekaa miaka kumi sijamdanganya mtu hata mmoja, usinianzishe leo.

Nikamwambia kesho nitakwenda kwa chifu na ukweli. Mimi!

Alhamisi, 11 Septemba

Chifu Linet nimemwona akiwa mtoto, akikimbia na kamasi. Leo ameniweka kwenye benchi saa mbili nzima. Nikamwambia yote. Kwa Kadii tu ningefanya hivyo.

Hakucheka, nikamheshimu hapo. Kasema ataandika barua, lakini sharti niape kwa wakili umri wangu wa kweli, na nipeleke shahidi anijuaye tangu utotoni, asiwe ndugu.

Nimewaza kutoka ofisi ya chifu mpaka sokoni. Wale tuliokua nao, mmoja amehamia Vitengeni, wawili wamefariki. Anayebaki ni Awadh.

Duka limejaa. Wanafunzi, akina mama, hata mwalimu mkuu. Nikasimama mbele ya meza. Nikasema shikamoo.

Awadh akaitikia marahaba ndefu, ikapita mlangoni ikavuka barabara. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hakuuliza lolote tena. Alifunga duka saa tano mchana, wateja wakiwa ndani, akavaa kofia yake ya darizi, tukaenda kwa wakili. Akaapa kwamba ananijua tangu tulipochapwa pamoja kwa kuiba maembe ya shule. Aliongeza, bila kuulizwa, kwamba Kadii ni mtoto wa mji mzima. Sikumwambia ahsante, kikohozi kilinishika.

Karatasi zote zimetumwa kabla ya jua kuzama. Barua, kiapo, nakala. Kweli tupu. Nimejiona mwepesi, kama mtu aliyevuliwa nguo.

Jumamosi, 13 Septemba

Imepita!

Kadii amepiga simu ya video. Vidole kumi vyeusi kwa wino, anavionyesha huku anacheka. Ofisa alisoma kiapo, akamtazama, akasema baba yako ni mtu jasiri. Jasiri! Nimeomba alirudie neno hilo mara tatu, ya mwisho mbele ya mke wangu. Kapewa karatasi ya kungojea kitambulisho, na hospitali imekubali kumsubiri.

Nilitoka nyuma ya nyumba nikalia kidogo. Binti yangu ana nchi, na nchi inamjua kwa jina. Kama kuna baba mwenye fahari kunizidi kutoka Mnarani mpaka Mambrui, aje tupimane.

Jumatatu, 15 Septemba

Chifu kasema lazima kitambulisho changu nacho kirekebishwe. Sawa. Njiani nikapita kwa Awadh kwa makusudi, nikasimama mlangoni kungoja aniamkie, maana sasa ni kiapo, nimemzidi mwaka. Akasema mwaka mmoja ni rika, hauna shikamoo.

Nimefika ofisi ya usajili na hasira zangu. Kwenye fomu, mahali pa mwaka wa kuzaliwa, peni ikasimama. Mwaka mmoja haumtoshi Awadh. Mzee wa miaka sabini je? Huyo hana pa kumkwepea. Tena wa sabini serikali huwapa posho ya wazee.

Kiapo nikakirudisha mfukoni. Nikaandika 1955.

Karani akaomba ushahidi. Kwa bahati nilikuwa na nakala ya kitambulisho cha mama yangu, Nyale, nikaitoa kwa madaha. Karani aliitazama muda mrefu. Mama ni wa 1957. Akaniuliza, kwa upole sana, kama nakumbuka siku mama yangu alipozaliwa.

Nikamwambia nitarudi.

Kosa si langu. Kosa ni la mama, hajafika umri wa kunizaa. Kesho alfajiri naenda Adu kumchukua. Tutamwandika 1936, posho tutapokea pamoja, na Awadh atatuamkia sote wawili.